Usiongeze mitungi ya oksijeni kabla hujasoma flomita

Mkuu, usinunue hata mtungi mmoja. Umesema mitungi ya wodini kwenu inaisha usiku, mmepata hela ya kuagiza mingine, unauliza uchukue saizi gani na mashine ipi ya kutengeneza oksijeni. Kwanza leo usiku pita kitanda kwa kitanda, soma flomita, kile kipimo kinachoonyesha lita ngapi za oksijeni zinatoka kwa dakika.

Sisi tuliongeza mitungi na usiku ikaisha vilevile, tunasubiri gari lililonasa kwenye foleni ya Buguruni huku geji zinashuka. Aliyetuuzia alitwambia oksijeni haina madhara, tufungulie tu mgonjwa apumue. Nikimkumbuka napandwa na hasira. Kila anayehema alivishwa maski, lita 10 kwa dakika. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 kwa mwendo huo haudumu hata muda wa saa 12! Mgonjwa anayetosheka na mirija ya puani kwa lita 2, mtungi huohuo unampeleka zaidi ya siku mbili. Hesabu hiyo muuzaji hakutupigia. Yeye analipwa kwa kujaza.

Na hapo sijagusa mgonjwa. Tulikuwa na mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu. Oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachopima asilimia ya oksijeni kwenye damu, inasoma 100, flomita iko kwenye 10, zamu zinapokezana, hakuna anayegusa kile kitufe. Jioni mzee anasinzia, ukimwita anafumbua jicho nusu. Watu wa aina yake lengo ni 88 hadi 92; ukiwazidishia, kaboni dayoksaidi inaweza kupanda kwenye damu ikawalevya. Daktari aliishusha taratibu, maana kukata ghafla nako ni hatari, mpaka mzee akaanza kuitika. Halafu mtu anasema haina madhara!

Kwa hiyo: pima, punguza, pima tena, kila zamu, andika kwenye chati. Mtu mzima ametulia, anasoma 98? Shusha lita moja, subiri kidogo, pima upya. Maski ya kawaida usiishushe chini ya lita 5, atavuta tena hewa aliyoitoa. Mhamishie mirija ya puani. Kidole chenye piko au rangi ya kucha kinaweza kuichanganya oksimita, tafuta kingine. Mgonjwa akiondolewa oksijeni, funga mtungi, usiache maski inapuliza mto.

Zilete hapa chati za wiki nzima, ndipo tuongee mitungi mingapi.