Kwa Wewe Unayetaka Kurudi Kundini

Ndugu yangu unayefikiria kurudi kanisani baada ya miaka ya kupotea, ninakuandikia kama mtu aliyeipita njia hiyo, nikiwa msharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Nilipata kipaimara, yaani kuthibitishwa katika imani niliyobatiziwa utotoni, nikiwa na miaka 15 katika usharika wetu wa mlimani, Kilimanjaro, na kabla sijatimiza miaka 19 nilikuwa nimeacha ibada, ninalewa, na kumjibu mama yangu maneno ambayo hata leo siwezi kuyaandika. Nilikaa nje miaka 11.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: rudi kwa watu wanaokufahamu. Mimi nilianza kinyume, kwa kwenda kwenye mkutano mkubwa wa injili mjini, nikanyosha mkono na kulia sana, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Lakini hapakuwa na aliyejua jina langu wala ninakoishi, na mwezi haukuisha kabla sijarudi kilabuni. Mara ya pili nilibisha hodi kwa mzee wa kanisa wa mtaa wetu. Alifungua daftari la ahadi, yaani sadaka ambayo msharika huahidi kuitoa kwa mwaka na kuipeleka kwa bahasha yenye namba yake, akateremsha kidole polepole hadi kwenye namba ya bahasha yangu, nami nikaona kwamba ahadi yangu ilikuwa imelipwa kila mwaka. Mama, ambaye kipato chake ni ndizi na maziwa, alikuwa akipeleka bahasha mbili, yake na yangu.

Usitegemee kwamba mambo yatakwisha kwa siku moja. Mchungaji atazungumza nawe faraghani, utapewa mafundisho, na kama unaishi na mwenzi bila ndoa, jambo hilo nalo litashughulikiwa; kisha utasimama mbele ya usharika, utatubu, utaombewa, ndipo utakapokaribishwa tena kwenye Meza ya Bwana. Wengi huiogopa aibu ya kusimama pale, nami niliiogopa mno, hadi nilipotambua kwamba waliokaa kwenye mabenchi walikwisha kuyajua makosa yangu yote, na kwamba siku ile walipata kuisikia toba kutoka kinywani mwangu mwenyewe.

Huenda pia ukashawishiwa na marafiki wenye nia njema kwamba ubatizwe upya kwa sababu ule wa utotoni haukukufaa. Usiyumbe. Katika Katekisimo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani alichokitoa mwaka 1529, Martin Luther, ambaye kanisa letu limeitwa kwa jina lake, anaeleza kwamba maana ya ubatizo ni Adamu wa kale aliye ndani yetu kuzamishwa kila siku kwa majuto na toba. Niliyakariri maneno hayo nikiwa kijana wa kipaimara ili nisichapwe tu, lakini niliporudi ndiyo yaliyonishika mkono, kwa maana yalinionyesha kwamba ninarudi kwenye kitu nilichokwisha kupewa, na kwamba nitahitaji kukirudia kesho pia.

Lililo gumu kuliko yote ni kurudisha ulichochukua. Wakristo wa ule Uamsho, vuguvugu la toba na wokovu lililotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Bukoba na kwingineko, walijulikana kwa kuwarudishia majirani na waajiri vitu walivyowaibia, na ninaamini walielewa toba vizuri kuliko wengi wetu. Mimi nilikuwa nimeiba na kuuza mabati 14 ya baba mdogo. Nilipokwenda kuungama, hakunijibu. Alinipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha banda la ng'ombe aliloliezeka kwa majani makavu ya migomba, lililokuwa likivuja kila masika tangu mwaka ule. Tulisimama pale kimya muda mrefu. Nilimlipa kidogo kidogo, kwa miezi 16, na ninakusihi nawe ulipe hata kama aliyekosewa amekwisha kusema kwamba amesamehe.

Kuhusu marafiki wa zamani sina mengi: wasalimie, usiwadharau, ila jioni usikae nao.

Mwisho, wape watu wa nyumbani muda. Ukishashiriki Chakula cha Bwana utatamani uaminiwe siku hiyohiyo, na hilo halitatokea. Mama yule yule aliyenilipia ahadi miaka 11 alikuwa na kabati la fedha na vitenge alilolifunga kwa kufuli kwa sababu yangu, na aliendelea kulifunga nilipokuwa nimekwisha kurudi kundini, nikisali naye kila Jumapili na kwenda naye jumuiya, yaani ibada ya majirani ya nyumba kwa nyumba. Iliniuma, lakini sikunung'unika, kwa kuwa kufuli lile nililinunua mimi kwa matendo yangu. Pasaka ya mwaka wa pili niliingia chumbani kwake kumchukulia shuka, nikaona kabati halina kufuli. Yeye hakusema neno, nami sikuuliza.