Nimeongeza nukta, fimbo ikalipuka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeandika programu ya kuiga joto linavyosambaa ndani ya fimbo ya chuma ambayo ncha zake hazipitishi joto. Nukta zikiachana milimita 10, kwa hatua ya sekunde 3, matokeo ni mazuri. Nikazisogeza ziachane milimita 5 nipate usahihi zaidi, basi hatua kumi na kitu tu napata nyuzi mamilioni, nyingine hasi. Jumla ya joto nimeikagua, haijapungua. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba. Programu yako ni nzima. Kilichokuponza ni hatua ya muda. Mtawanyiko wa joto, yaani kipimo cha wepesi wa joto kusambaa, kwa chuma cha kawaida ni karibu milimita za mraba 12 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde zako 3, kisha gawanya kwa mraba wa nafasi kati ya nukta. Mwanzo ulikuwa na 36 kwa 100, yaani 0.36. Sasa una 36 kwa 25, yaani 1.44. Kwa njia hii unayotumia, ya kupata joto jipya la nukta kutokana na joto la zamani la majirani, kwenye fimbo namba hiyo isivuke 0.5.

Jaribu kwa kalamu. Nukta moja ina nyuzi 100, nyingine zote sifuri. Hatua ya kwanza, majirani wawili wanapata 144 kila mmoja (1.44 mara 100), yenyewe inabaki na -188: imegawa hata ambacho haina! Hatua ya pili inaruka hadi 768. Ukijumlisha fimbo nzima, kila mara ni 100 ileile. Ukaguzi huo ulishanihadaa na mimi, nikakesha nikitafuta alama ya kutoa niliyodhani nimeisahau.

Hatua ya sekunde 1 inakupa 0.48, umepenya kwa tundu la sindano. Ila ukipunguza nafasi kwa nusu, hatua inapungua hadi robo, na nukta ni maradufu: kazi mara nane.

Ukichoka, hamia njia ambamo joto jipya la kila nukta linategemea joto jipya la majirani. Utatatua milinganyo yote kwa pamoja, lakini kwa fimbo matriki, yaani jedwali la namba za milinganyo hiyo, ina mistari mitatu tu ya mshazari isiyo sifuri, kompyuta haitoki jasho. Njia ya Crank na Nicolson, ya mwaka 1947, ni ya jamii hiyo na ina usahihi zaidi. Hailipuki, ingawa penye mpaka mkali wa moto na baridi huyumbayumba hatua zikiwa kubwa. Mimi huanza na hatua tatu nne za ile inayotegemea joto jipya peke yake, ndipo nahamia kwao.