Gesi "rafiki wa ozoni" nikiiachia hewani, kuna ubaya gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi friji na AC hapa Tanga, huu mwaka wa sita. Juzi tulikuwa tunahamisha AC ya ofisi, nikalegeza nati na kuiachia gesi itoke kama tunavyofanya siku zote. Binti mmoja aliye kwetu kwa mafunzo ya vitendo akanizuia, akasema naongeza joto la dunia. Nikamwonyesha mtungi: ni R-410A, na umeandikwa kabisa kwamba hauharibu ozoni. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, ukiiachia inabaki chini. Itapandaje huko juu? Na kama ni joto, si linaletwa na viwanda vya nchi kubwa, moshi wa magari na mkaa? Tumebishana siku mbili. Naomba utuamue.

JIBU: Marahaba, fundi. Mtungi wako haukudanganya, na huyo binti naye amesema kweli. Mmebishana siku mbili kwa sababu kila mmoja alikuwa anajibu swali lake. Ozoni ni jambo moja, joto ni jingine, na gesi inaweza kuwa salama kwa hili huku ni balaa kwa lile.

La ozoni ni fupi. Gesi za zamani za friji na AC kama R-12, na kwa kiasi kidogo zaidi R-22, zina klorini ndani yake. Zikifika juu sana, mwanga mkali wa jua huzivunja, klorini ikatoka na kuanza kuila ozoni, ile ngao inayotukinga na miale inayounguza ngozi na kuharibu macho. Wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walilisema hilo mwaka 1974. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni ya juu ya Antaktika, bara la barafu kule kusini mwa dunia, inapungua vibaya kila mwaka msimu ukifika, na tarehe 16 Septemba 1987 ukapitishwa mkataba wa kuziondoa gesi hizo, tunaouita Itifaki ya Montreal. Viwanda vikahamia kwenye gesi zisizo na klorini: R-134a ya friji, R-404A ya vyumba vya baridi, R-410A ya AC. Ndiyo maana mtungi wako umeandikwa hivyo, na kwa upande huo hauna kosa.

Sasa joto. Siku moja jua likishazama, saa moja hivi jioni, sogeza kiganja karibu na ukuta wa tofali uliopigwa na jua mchana kutwa. Kabla hujaugusa utasikia vuguvugu. Ule ni moto unaotoka ukutani kwa miale ambayo jicho halioni, na ardhi yote ya dunia inafanya hivyohivyo, inaurudisha juu moto iliyoupata kwa jua. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote, huipisha miale hiyo. Mvuke wa maji, hewa ukaa, methani na oksidi ya naitrasi huikamata na kurudisha sehemu yake chini. Bila kazi hiyo wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, badala ya 15 juu ya sifuri. Kwa hiyo kuwepo kwa gesi joto, yaani hizi zinazokamata miale ya moto, si ubaya. Tunaishi kwa sababu yake. Ubaya ni kwamba tunazizidisha, tena haraka. Kabla ya zama za viwanda, hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta 315 hivi. Leo imepita 420.

Kila gesi hukamata miale ya namna yake, na ipo miale ambayo si mvuke wala hewa ukaa inayoikamata vya kutosha. Wanasayansi wanapaita hapo dirisha, kwa sababu ndipo moto wa dunia unapotokea kwenda zake. Gesi zetu za AC zina florini, na florini ikishikana na kaboni hukamata miale palepale dirishani. Mtu akizidi kuuziba mlango uliokwisha kuzibwa, waliomo ndani hawataona tofauti kubwa. Akiliziba dirisha pekee lililobaki wazi, watatoka jasho wote. Hiyo ndiyo sababu kiasi kidogo cha gesi yako kina nguvu ya kutisha.

Nguvu hiyo hupimwa kwa kulinganisha na hewa ukaa, kilo kwa kilo, kwa miaka 100. Kwa vipimo vinavyotumika kwenye mikataba, kilo 1 ya R-134a ni sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. R-22 ni 1,810. R-410A yako ni 2,088. R-404A ni 3,922, na R-12 ya zamani ilikuwa 10,900.

Tuiweke kwenye lugha ya barabarani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa. AC ya ofisi uliyoihamisha, tuseme ilikuwa na kilo moja ya gesi. Kwa zile dakika chache ulizolegeza nati, umefanya kazi ya lita 900 za petroli. Bodaboda anayechoma lita 3 kwa siku angehitaji siku 300 kukufikia. Friji ya nyumbani yenye gramu 120 za R-134a ni kama lita 75. Lakini friji mpya za R-600a, zenye gramu 50 hivi, zikivuja zote ni sawa na petroli ya kujaza kikombe kimoja cha kahawa ya kijiweni, kwa sababu nguvu ya R-600a ni kama 3 tu. Ndiyo maana watengenezaji wengi wamehamia huko.

Unasema gesi ni nzito, haipandi. Hoja hii nimeisikia kwa mafundi wengi, na ina ukweli nusu ambao unaua. Kwenye chumba kilichofungwa, gesi ikimwagika kwa wingi kweli hujaa chini na kuisukuma hewa. Fundi aliyeinama kwenye shimo au chumba cha mashine anaweza kukosa pumzi asijue kinachompata. Fungua milango kwanza, siku zote. Ikishatoka nje, upepo hauna habari na uzito. Hewa inakorogwa usiku na mchana, na gesi iliyokwisha kuchanganyika na hewa haijitengi tena ikashuka chini, kama sukari iliyokorogwa ikayeyuka kwenye chai isivyorudi kuwa punje chini ya kikombe. Mwanasayansi James Lovelock alisafiri kwa meli kutoka Uingereza hadi Antaktika mwaka 1971 na 1972 akiwa na kifaa cha kupima, na gesi ya jamii ya R-12 aliikuta njia nzima, hata katikati ya bahari ambako hakuna friji wala kiwanda. Ya Tanga nayo haibaki Tanga.

Kuhusu nani mwenye kosa, uko sahihi kwa sehemu kubwa, na sitaki mtu akubebeshe mzigo usio wako. Takriban robo tatu ya gesi joto zinazotokana na binadamu ni hewa ukaa, na nyingi inatoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, kisha ukataji wa misitu na utengenezaji wa saruji. Methani hutoka kwa ng'ombe, mashamba ya mpunga yaliyofurika maji, madampo na visima vya mafuta na gesi. Oksidi ya naitrasi hutoka zaidi kwenye mbolea na samadi. Hizi zetu za florini ni asilimia 2 hivi tu. Afrika nzima hutoa karibu asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, na bado sisi ndio tunaoona matumbawe yakipauka. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, mengi yalikufa pwani ya Kenya, Unguja, Pemba na Mafia, na kwenu Tanga wavuvi wa rika langu wanaukumbuka. Mvua nazo zimebadilika tabia: kila nyuzi moja ya joto ikiongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, basi ikinyesha inamwaga.

Ila hiyo asilimia 2 haitabaki hapo. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kwamba AC duniani zilikuwa bilioni 1.6 na zitafika bilioni 5.6 ifikapo 2050. Nyingi zitafungwa kwenye nchi za joto kama yetu, na watakaozifunga ni nyinyi. Mkaa na makaa ya mawe huna valvu yake. Hii unayo mkononi.

Nakueleza kwa uchungu kwa sababu nimefanya zaidi ya ulivyofanya wewe. Nikiwa kijana nilitumwa kubadilisha kompresa, ile pampu inayoisukuma gesi, kwenye chumba cha baridi cha samaki. Mfumo ulikuwa na kilo 8 za R-12. Msimamizi alisema fungua, tunachelewa. Nikafungua. Ililia kwa nguvu, bomba la shaba likafunikwa barafu nyeupe mpaka kwenye kiungo, harufu ya oili ikajaa uani, sisi tumesimama mbali tunasubiri iishe. Miaka baadaye nikapiga hesabu: lita karibu 38,000 za petroli. Lori zima la tangi. Na R-12 huishi hewani miaka 100 hivi, kwa hiyo sehemu kubwa ya ile niliyoiachia bado iko huko juu ninapokuandikia.

Sasa kazi. Kuhamisha AC yenye kompresa nzima hakuhitaji kupoteza gesi hata kidogo, wala hakuhitaji mashine ya bei. Unairudisha gesi kwenye kipande cha nje. Washa AC kwenye baridi, iache itulie dakika kumi. Unganisha geji ya kupima presha kwenye bomba nene. Funga valvu ya bomba jembamba kwa ule ufunguo wa pembe sita. Kompresa itaendelea kuvuta na mshale wa geji utashuka, usiondoe jicho. Ukikaribia sifuri, funga valvu ya bomba nene na uzime umeme papo hapo. Usiuache ushuke chini ya sifuri, wala usifanye hivi kama unajua kuna mahali panavuja, maana hewa ikivutwa ndani ikagandamizwa pamoja na oili, kompresa inaweza kulipuka. Ukimaliza, gesi karibu yote imelala kwenye kipande cha nje. Unafungua nati na kusikia kamlio kadogo tu.

Kompresa ikiwa imekufa, hapo lazima upate mashine ya kuvuna gesi na mtungi wake maalumu. Najua bei yake ni mzigo kwa fundi mmoja. Nimeona mafundi watano wakichanga na kununua moja wakawa wanapokezana, na gesi waliyoivuna safi ikarudi kwenye mashine ya mteja yuleyule badala ya kununuliwa mpya. Usijaze mtungi huo zaidi ya asilimia 80, usichanganye gesi mbili ndani yake, na usitumie ile mitungi ya kutupwa.

Kosa kubwa kuliko la kuhamisha ni la "kupigia gesi" AC inayovuja. Gesi ya AC hailiki kama mafuta ya gari, inazunguka tu. Imepungua? Imevuja. Ukiijaza bila kuziba, umeichukua dukani ukaipeleka hewani kwa kupitia nyumba ya mteja. Jaza naitrojeni kavu kwenye mabomba, pakaa povu la sabuni kwenye kila kiungo, tafuta panapobubujika. Oksijeni usiithubutu kabisa, ikikutana na oili inalipuka. Ziba, piga vakyumu vizuri, yaani nyonya hewa yote iliyomo, kisha jaza kwa mizani kulingana na kilo zilizoandikwa kwenye kibao.

Na tafadhali, usiweke gesi ya kupikia wala R-290, yaani propani, kwenye AC iliyotengenezwa kwa R-22. Kwa joto la dunia ni gesi nzuri, kwa nyumba ya mtu ni moto. Mashine ya gesi inayowaka hutengenezwa tangu mwanzo kwa tahadhari zake.

Mwambie pia huyo binti kwamba jambo lake lina sheria, na imezaliwa jirani hapa. Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali, Rwanda, zikaongeza kwenye Itifaki ya Montreal masharti ya kupunguza gesi hizi zisizo na klorini. Yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kwa kundi la nchi zinazoendelea ambalo Afrika imo, matumizi yalitakiwa yasiongezeke kuanzia 2024, yapungue kwa asilimia 10 mwaka 2029, na kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Maana yake kwako ni rahisi: R-410A itaadimika na kupanda bei, R-22 inamalizwa hata kabla yake, na AC nyingi utakazofunga zitakuwa za R-32, ambayo nguvu yake ni 675, chini ya theluthi moja ya unayotumia leo. R-32 huweza kushika moto, hivyo ile tabia ya kuachia gesi huku mwenzako anachomelea bomba ikome kabla hazijajaa mjini.

Mteja akilalamika kwamba kutafuta mvujo ni gharama, mwonyeshe risiti zake za kujaza gesi za miaka miwili iliyopita na mjumlishe pamoja, mbele yake. Wengi wanaelewa hapohapo.