Kuku wa Kijiko: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema ulipokuwa ukipekua lile sanduku ulilotoka nalo hapa Kariobangi, Nairobi, ulikuta daftari langu la kurasa 96, na sasa unaniuliza: "Mama, nilipoweza kula kwa kijiko mlichinja kuku. Nilipomaliza kidato cha nne hukupika hata chapati. Mlikuwa mnanifurahia au mnanihurumia?" Ningekujibu kwa sauti kwenye simu, lakini najua sauti zangu zikipita dakika moja huzisikilizi. Basi soma.

Nianze na kuku, maana huyo namkumbuka vizuri. Ilikuwa Jumatatu, 30 Desemba 2002, siku Kibaki alipoapishwa pale Uhuru Park. Nusu ya ploti walikuwa wamekwenda huko, na waliobaki walijazana kwa wenye televisheni. Wewe ulikuwa unakaribia miaka mitano. Nilikuwa nimekuweka kwenye kile kiti cha kona tulichotengenezewa na fundi wa jua kali, viwiko vyako juu ya meza, mbele yako bakuli la viazi na ndengu nilizoziponda zikashikana, kwa sababu uji ulikuwa unamwagika kabla hujafika popote. Chini ya bakuli nilitandika kitambaa chenye maji lisiteleze. Mpini wa kijiko tuliuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka ukajaa kiganjani, kama tulivyofundishwa na yule dada wa mazoezi kliniki.

Miezi minane kijiko hicho kilikuwa kinapotea njia. Kilikwenda shingoni, sikioni, kwa dada yako. Siku hiyo kikafika mdomoni. Ukakirudisha bakulini, kikafika tena. Nikapiga kigelegele, na ploti nzima ikaniitikia, wakidhani namshangilia rais. Baba yako akatoka kwenda kutafuta kuku. Mpaka leo mama wa mlango wa pili husema hakuna nyumba iliyompenda Kibaki kama yetu, na mimi sijawahi kumsahihisha.

Sasa daftari. Ulipozaliwa 1998 ulikawia kulia, na wakati huo mfupi ndio uliouumiza ubongo wako. Hayo unayajua. Usichokijua ni neno nililokuwa nikirudi nalo nyumbani kila nikitoka kliniki. Nesi angeuliza, "Ameanza kukaa?" Bado. "Anatambaa?" Bado. "Anashika vitu?" Bado. Nyuma yangu kwenye benchi wanawake wenye watoto wadogo kuliko wewe walikuwa wakijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Daktari mmoja, mtu mpole, alinieleza kwamba mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ambaye ubongo ulioumia hauongozi vizuri misuli yake, akikaa mwenyewe kabla ya kutimiza miaka miwili, matumaini ya kutembea ni makubwa, na kadiri anavyochelewa ndivyo yanavyopungua.

Wewe ulikaa ukiwa na miaka mitatu na miezi miwili. Siku niliyoiombea usiku na mchana ilikuja wakati, kwa hesabu ya daktari, ilikuwa imekwisha kupitwa. Nilikuwa sakafuni kando yako na sikujua kama nicheke au nilie. Halafu ukanyoosha mkono, ukavuta kifuniko cha sufuria, ukaanza kukigonga saruji. Hukuwahi kufanya hivyo kwa sababu kila ukikalishwa chini, mikono yote miwili ilikuwa na kazi moja tu: kuzuia usianguke. Sasa mmoja ulikuwa umepata likizo. Wewe hukuwa unajitayarisha kutembea, baba. Ulikuwa umekaa ili upige kifuniko, na ulikipiga mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini.

Usiku huo ndio nilinunua daftari. Mstari wa kwanza utauona: "Amekaa. Amegonga kifuniko."

Utauona pia ule wa Agosti mwaka huohuo, baada ya nimonia: "Hakai tena." Na wa Novemba: "Amekaa, mara ya pili." Dada yako alinicheka, eti naandika kitu kimoja mara mbili. Lakini mwili wako ndivyo ulivyokuwa. Ubongo ulioumia hauendelei kuharibika, ila mifupa hurefuka haraka na misuli iliyokaza hubaki nyuma, kwa hiyo kila ulipokua tulirudi kunyoosha miguu upya. Mara ya pili hatukuchinja kuku. Nilipika mandazi.

Huruma? Ilikuwepo, sitakudanganya. Nilikuhurumia kila siku makanga aliponidai nauli ya viti viwili nami nimekupakata. Lakini angalia daftari lenyewe. Kuna wiki nzima hazina neno. Hizo ndizo nilizokuhurumia kabisa, nikakulisha mwenyewe kwa mkono wangu, dakika kumi, shati safi. Kula kwako peke yako kulichukua saa nzima na beseni la kufulia, na asubuhi ya kazi sikuwa na saa hiyo. Wiki hizo hukujifunza chochote, nami sikuwa na cha kuandika.

Kosa langu liko kwingine, na nadhani ndilo linalokusumbua. Nilikugeuza onyesho. Wanawake wa chama chetu cha kuweka akiba wakija kwetu ningesema, "Waonyeshe shangazi zako unavyokula," nao wangepiga makofi. Mmoja aliwahi kusema, "Mungu ni mwema, hata huyu." Hata huyu! Nilimwongeza chai. Mpaka leo najiuliza kwa nini nilimwongeza chai.

Mwaka 2005, ulikuwa umekwisha kuanza shule. (Ya shule siyarudii: elimu ya bure ilipoanza 2003 madarasa yalifurika, na shule ya kwanza niliyobisha hodi iliniambia haina nafasi ya mtoto wa kubebwa.) Wageni walikuwa wamekaa, chakula mezani, nikasema ile kauli yangu. Ukakiweka kijiko chini. Maneno yalikuwa yanakutoka kwa taabu wakati huo, lakini hilo lilitoka lote: "Sitaki." Wageni wakacheka. Mimi nilikwenda jikoni nikakaa huko kidogo.

Tazama mstari wa mwisho wa daftari. Niliandika, "Amekataa." Sikuandika tena baada ya hapo.

Na kidato cha nne, 2016, umesahau mwenyewe. Nilikuuliza tufanye nini, ukaniambia mtihani wamefanya darasa zima na hutaki kelele. Pia, kusema kweli, karo ya muhula wa mwisho ilikuwa imeniacha bila kitu.

Daftari libaki nalo. Ila kurasa nne za nyuma kuna hesabu za chama na mtu mmoja bado ana deni letu, kwa hiyo zipige picha unitumie leo. Chapati nitapika Jumapili. Ukitaka na kuku niambie mapema, na ukitoka njoo na teksi yenye buti kubwa, kiti chako kisije kikakunjwa vibaya kama safari ile.

Mama yako