Kwa mnaoanza kemia S5: andika ulichokisoma wewe

Kila muhula wa kwanza wa S5 (kidato cha tano, Uganda) ni yaleyale. Mmetoka UCE, mtihani wa kidato cha nne, na alama nzuri, kusawazisha milinganyo ya kemia kwenu ni kazi ndogo, lakini mkikabidhiwa bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari na koki, unaodondoshea asidi kwenye alkali iliyopimwa ndani ya flaski hadi zitoshane, mnaanza kuchungulia kwa jirani. Miaka yote hii nikiwa fundi wa maabara nimewapenda wanafunzi wangu, ndiyo maana leo nasema kwa ukali kidogo.

1. Bika, ile bilauri ya maabara, si chombo cha kupimia. Mistari yake ni ya kukadiria tu. Ukitaka sentimita za ujazo 25 kamili, chukua pipeti, mrija unaovuta ujazo mmoja maalumu, na lile tone linalobaki kwenye ncha usilipulize. Gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski, basi.

2. Bureti na pipeti suuza kwa myeyusho utakaoutia humo. Flaski suuza kwa maji yaliyokenekwa peke yake. Ukiisuuza kwa alkali, mle ndani zinabaki moli (kipimo cha wingi wa chembe) za alkali ambazo hukuzipima, na asidi itatumika zaidi ya inavyopasa. Hili nalisema kila wiki!

3. Faneli itoke juu ya bureti kabla hujasoma, na ncha ijae, isiwe na kiputo cha hewa. Kiputo kikitoka katikati ya kazi, bureti itakuhesabia hewa kama asidi.

4. Jicho liwe usawa mmoja na kimiminika, usome chini ya mbonyeo, yaani pale uso wa kimiminika unapobonyea katikati. Pamanganeti ya potasiamu ni nyeusi mno, hiyo soma ukingo wa juu.

5. Andika ulichokisoma wewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia.

Kulikuwa na binti mmoja, mtulivu, mikono yake ilitulia kuliko ya wengi darasani. Pipeti za 25 zilikuwa zimekwisha, akapewa ya 20. Akaandika vizuri juu ya jedwali: ujazo wa pipeti, 20.0. Mzunguko wa kwanza wa kudondosha asidi, bureti ikaanza 0.00 ikaishia 19.70. Wa pili ikaanza 19.70 ikaishia 39.40. Mara mbili, 19.70 na 19.70! Mwalimu gani asingefurahi? Kisha akageuza shingo. Jirani yake alikuwa na 24.60, na jirani huyo ndiye aliyeongoza darasa. Binti akatoa kifutio, akafuta zote mbili, akaandika 24.60 na 24.60.

Jirani alikuwa na pipeti ya 25. Wote wawili walikuwa sahihi. Alkali ilikuwa ya 0.100 M (moli 0.100 kwa kila lita), na moli moja ya asidi ilitoshana na moli moja ya alkali, kwa hiyo kwa namba zake za kweli asidi ilikuwa 0.102 M, sawasawa na ya jirani. Kwa namba alizoazima ikatoka 0.081 M. Alama za hesabu zikaondoka. Nilipomwita, nikaishika karatasi kwenye mwanga wa dirisha: 19.70 ilikuwa bado inaonekana chini ya wino. Akasema, "Mwalimu, nilidhani yeye ndiye anayejua." Sikuwa na hasira naye hata kidogo. Nilisikitika kwamba mpaka anafika S5 hakuna aliyemwambia kuwa macho yake yanatosha.

Kwa hiyo kifutio kikae mkobani. Andika kwa wino moja kwa moja kwenye jedwali. Ukikosea, piga mstari mmoja, uandike kando. Na sifuri ya mwisho usiiache: 19.7 inasema uliishia kwenye mstari, 19.70 inasema uliangalia hata kati ya mistari. Bureti yetu ina mistari ya 0.1, unakadiria hadi 0.05, basi tarakimu ya mwisho ni 0 au 5. Nikiona 19.73 najua imepikwa.

6. Wastani ni wa namba zinazokaribiana. Mzunguko wa majaribio, ule wa kukadiria tu, usiuchanganye humo.

7. Mizani irudi sifuri kabla hujaweka kitu. Na sentimita za ujazo gawanya kwa 1000 kabla ya kuzidisha kwa molariti, ile M.

Kujizoeza kusoma bureti hakuhitaji asidi. Maji ya bomba yanatosha. Jumatano baada ya chakula cha mchana maabara iko wazi, stendi ziko tayari. Njoo wawili wawili, kila mmoja asome peke yake, aandike, ndipo mfunuliane karatasi.