Kiporo cha wali kwa watoto wa kituo
Dada, umeuliza kama wali unaobaki mchana kituoni unaweza kuwapa watoto asubuhi, maadamu umeupasha mpaka unatoa mvuke. Kama wali umelala mezani, usiwape. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus. Vijimbegu vyake havifi kwa kuchemka, na wali ukikaa vuguvugu vinaamka, vinazaana na kutoa sumu ambayo hata uupashe vipi haiondoki. Mtu mzima atatapika kutwa apone, lakini mtoto wa miaka 2 anaishiwa maji upesi.

Shirika la Afya Duniani linataka chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Na usiingize sufuria nzima kwenye friji, katikati hukawia mno kupoa. Utandaze kwenye sinia kwanza, kisha friji iwe chini ya nyuzi 5. Ukipasha, ufike nyuzi 70 mpaka ndani.

Mimi nilikuwa nafunika sufuria kwa kanga usiku kucha, najiona mwangalifu kweli! Siku hizi napima mchele kwa kikombe ili wali usibaki, ukoko wanakula kuku.

Halafu huyo msaidizi wako wa kituoni anayepika na pia kubadilisha watoto nepi, mtenganishie kazi. Ukishindwa, anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla hajagusa mwiko.