Mateke ya filamu yamehamia sebuleni

SWALI: Mwanangu wa miaka 8 hushinda kibanda umiza akitazama filamu za mapigano. Sasa anampiga mdogo wake mateke. Ni filamu hizo?
Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Kwa sehemu, ndiyo, mama. Mwaka 1963 mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake, huko Marekani, waliwaonyesha watoto wa chekechea filamu ya mtu mzima akipiga mwanasesere wa kujazwa upepo. Walipopewa mwanasesere huyo, wengi waliiga mapigo yale yale. Usihofu kwamba unalea jambazi, lakini: mwanasesere yule alitengenezwa apigwe, na kumpiga si sawa na kumdhuru mtu. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza kuwa michezo ya video ya mapigano, iliyo jamaa ya filamu hizo, inahusiana na kufoka na kusukumana, ila ushahidi hautoshi kusema inasababisha ukatili mkubwa.

Ukimkataza ghafla atakwenda kwa kujificha. Tazama naye filamu moja nyumbani, uisimamishe baada ya pigo. Muulize mwanao: yule aliyepigwa anaumia wapi, na shujaa angefanya nini bila ngumi. Mtoto huiga zaidi mpigaji anaposifiwa, na hapo ndipo pa kuzungumza. Ukimchapa kwa kosa hilo, umemwonyesha filamu ya pili.